Mwisho Kilo Mia

Dereva wa kreni alisukuma sahani kando, akaapa kwamba ni heri afe na uzito wake kuliko kula majani.

"Mimi si mbuzi, mke wangu."

"Mbuzi ana akili," akajibu mkewe, fundi cherehani, pini zikiwa bado midomoni. "Hajawahi kuajiriwa na wale."

Wale walikuwa wamebandika tangazo kwenye lango la yadi ya makontena: baada ya wiki sita, hakuna atakayepanda ngazi ya kreni akizidi kilo mia. Dereva alikuwa na mia na kumi na moja. Wenzake walimwita Tani. Asiposhusha uzito angeshushwa yeye, apewe ufagio, na kile kiti chake cha miaka tisa apewe mpwa wa meneja, kijana anayeshinda pale yadini akijifunza, ambaye wino wa leseni yake haujakauka.

"Kwa ajili ya usalama," lilisema tangazo. Fundi cherehani alicheka mpaka pini zikamwagika. Usalama! Watu wengine husahau. Yeye hakujaliwa kipaji hicho. Mwaka wa mvua kubwa mumewe aliendesha kreni miezi minne kioo kimevunjika, amejifunika mfuko wa plastiki, na huo usalama ulikuwa likizo. Kidato cha ngazi kilipong'oka, akaambiwa aruke. Glavu zilipokuja, zote mbili zilikuwa za mkono wa kushoto. Kumi na nne Machi, siku ya Alhamisi. Leo ndio wamegundua kuna mizani duniani!

"Hawakupati," alimwambia mumewe. "Nyama imekoma nyumba hii. Na chakula cha kazini nitakufungia mwenyewe, kila siku kipya, mpaka hiyo mizani ione haya."

Akatimiza. Jumatatu dengu na nyanya za kuchoma. Jumanne uyoga na njegere. Jumatano biringanya zilizojazwa mchele, Alhamisi malenge na ufuta, Ijumaa maharage na mahindi mabichi yaliyonyunyizwa ndimu. Wiki ya pili akaanza upya, na hakuna kilichojirudia. Alikuwa akishona huku akiota mboga.

Tani aliondoka na chombo kama mtu aliyebebeshwa bomu. Jioni kikarudi kitupu.

Mke akashuku. Mume wake ale uyoga? Huyu aliyewahi kununa siku mbili kwa sababu ya saladi? Bila shaka anamwaga. Akamvizia mtunza ghala wa yadi alipokuja kuchukua suruali yake.

"Shemeji yangu, niambie ukweli. Kile chakula kinamwagwa?"

"Kimwagwe?" Mtunza ghala aling'ata mdomo kama anayezuia chafya. "Shemeji, hakuna punje inayopotea. Chombo kinalambwa mpaka unaweza kujitazama ndani yake ukachana nywele."

Basi mama wa watu akaruka chumbani kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Tani naye akaanza kuwa na maoni. "Zile dengu, kesho zitie karanga."

"Karanga zina mafuta, baba."

"Kidogo tu. Na parachichi. Mawili. Na utumie chombo kikubwa, hiki hakitoshi."

Mke aliyaogopa yale maparachichi, lakini futi ya fundi haijui kupendelea. Kila Jumamosi aliizungusha kiunoni mwa mumewe, na kila Jumamosi inchi moja ilikuwa imekimbia. Suruali ile ile aliipunguza mara tatu. Usiku Tani aliishambulia kabichi ya kuchemsha kana kwamba ametoka jela.

"Mbona unakula hivyo?"

"Ngazi, mke wangu. Zile ngazi zina njaa."

Wiki sita zikaisha. Fundi cherehani alifunga kibanda, akavaa gauni la harusi za watu, akaenda yadi. Wafanyakazi wote walikuwa wameizunguka mizani ya mizigo. Meneja alisimama na kalamu, na barua ya kumpa mpwa wake kiti ilikuwa imeshapigwa muhuri. Wao huanza na muhuri.

Tani akapanda. Mshale ukayumba, ukatulia. Tisini na nane.

Yadi ikalipuka. Mke alipiga vigelegele mpaka mlinzi akachungulia kuona kama ni king'ora. Meneja akafuta miwani, akamwambia ashuke, apande tena. Tisini na nane. Akaupiga mshale kofi. Tisini na nane, kwa ukaidi kabisa.

"Haya, mmeona," akasema meneja, uso umemshuka. "Ila mtu mmoja hatoshi kwa zamu mbili. Ya usiku itakuwa ya huyu kijana."

"Apimwe!" Sauti ya fundi cherehani iliwatangulia wote. "Tangazo lenu linasema hakuna atakayepanda. Halisemi hakuna isipokuwa mpwa! Apimwe naye!"

"Apimwe! Apimwe!" wakaitikia makuli wakipiga mateke makontena.

Meneja alitabasamu. Siku tangazo linabandikwa, mpwa wake alikuwa na kilo tisini na tatu, alimpima mwenyewe.

Kijana akajipenyeza kwenye umati, mkanda uko tundu la mwisho, kifungo cha tumboni kikishikilia kwa imani tu. Akapanda. Mshale ukapita tisini na tatu bila kusalimia, ukapita mia, ukasimama kwenye mia na mbili.

Fundi cherehani, aliyekuja na matusi ya miaka tisa, akaanza kukihesabu kile kiuno kwa inchi.

Kijana akashuka polepole. Wala hakuonekana kuumia sana. Alipomwona yule mama kando ya Tani, macho yalimng'aa, akamwendea mikono yote miwili mbele.

"Kumbe ndiwe, shemeji! Leo umenipikia nini?"