Ukurasa wa Marejeleo

Dkt. Nabwile aliona kichwa tu, MAREJELEO, akageuza macho. Alizishika karatasi mbili za mwisho za kazi ya Ian Gathii, akazing'oa kwenye pini, akazitia ndani ya jiko lililokuwa likichemsha chai. Zilishika moto mara moja. Alisimama pale mpaka zikawa jivu, kisha akajimiminia chai akanywa.

Jina lililokuwa kwenye karatasi zile hakuhitaji kulisoma. Alilijua, na hakutaka kuliona ndani ya nyumba yake.

Kazi yenyewe ilihusu wanawake wa Endebess waliobaki mashambani baada ya walowezi kuondoka. Kijana alikuwa amenukuu kurasa nzima nzima, na mwisho wa kila nukuu akaweka namba ndogo, kama inavyotakiwa, ili msomaji aende nyuma aone chanzo. Lakini sentensi zile zilikuwa za Nabwile. Aliziandika mwenyewe alipokuwa mwanafunzi wa uzamili, baada ya kuzunguka mashamba yale kwa miguu akiongea na akina mama mpaka sauti ikamkauka.

Msimamizi wake siku hizo alikuwa Gathii, babake Ian. Tasnifu ilipita, ikawekwa maktabani, ikapotea. Baada ya muda ikatoka kama kitabu, na jina la Gathii kwenye jalada. Nakala ya Nabwile ilikuwa imeungua pamoja na nyumba ya mamake kule Cheptais. Alipolalamika aliulizwa, ushahidi uko wapi? Hakuwa nao. Kwa kitabu hicho Gathii akawa profesa, na Nabwile akaitwa mwanamke mwenye wivu.

Sasa mwana wa Gathii alikuwa ameingia kwa miguu yake mwenyewe katika chuo kidogo cha Bungoma, darasani mwake, akijivunia kitabu cha babake.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," Nabwile aliwaza.

Bila marejeleo, kurasa zile zilikuwa wizi mtupu. Na pale chuoni, mwanafunzi aliyeiba maandishi ya mtu alifukuzwa.

Kesho yake asubuhi Ian alibisha mlango wa ofisi yake. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye kusimama mlangoni mpaka aambiwe aingie.

"Habari ya asubuhi, Daktari. Nilikuwa nauliza tu kama umesoma kazi yangu. Hadi mwisho kabisa."

"Nimesoma."

"Na hukushangaa?"

"Nilishangaa sana, Ian."

Kijana akatabasamu kama mtu aliyetua mzigo. "Hata mimi nilishangaa. Wikendi hii naenda nyumbani Kitale. Nitamwambia mzee."

"Mwambie," Nabwile akasema. "Mwambie kila kitu."

Ian alipotoka, Nabwile alivuta kiti akaiandikia kamati ya nidhamu.

Siku ya kikao Ian hakutokea. Alikuja babake, peke yake.

Nabwile alikuwa ameusubiri uso huo kwa miaka. Ulikuwa umezeeka. Alikuwa amejiandaa kwa makelele, kwa vitisho, kwa simu za wakubwa wa Nairobi. Gathii aliketi tu, kofia mapajani.

"Ian anaumwa," alisema. "Nitamsemea mimi."

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Mukhisa, aliisukuma ile kazi mbele yake. "Profesa, ni aibu kukuambia. Kijana amenakili kurasa kwa kurasa, tena kitabu chako mwenyewe. Ameweka namba za kutupumbaza, ukizifuata hazikufikishi popote. Hakutaja chanzo hata kimoja."

Gathii alianza kugeuza kurasa. Kila namba ndogo aliigusa kwa kidole. Nabwile alimtazama na kuona raha ikimpanda kifuani kama maji ya moto. Gathii alipofika ukurasa wa mwisho aliupindua, akatazama nyuma yake, akainua macho.

"Ni haya tu? Hakuna kingine baada ya hapa?"

"Hakuna," Nabwile alijibu.

"Una uhakika, Daktari? Hivi ndivyo alivyokupa?"

"Naapa. Hivi hivi."

"Basi naomba iandikwe hivyo kwenye kumbukumbu za kikao."

Mukhisa akakohoa. "Sasa mwanao unamtetea namna gani, Profesa?"

"Simtetei. Sheria ni sheria."

Wanakamati walitazamana. Baba gani huyu? Lakini hakukuwa na la kujadili, na kabla ya chakula cha mchana Ian Gathii hakuwa tena mwanafunzi wa chuo kile.

Nabwile alitoka nje akivuta pumzi ndefu. Utamu ulikuwepo, ila alikuwa ametamani kumwona mtu yule akilia. Alimkuta kwenye maegesho, amesimama kando ya gari lake, anajifuta jasho.

"Nabwile," Gathii aliita, bila cheo, kama zamani.

"Sasa umeonja," Nabwile alimwambia. "Umejua jinsi mtu anavyohisi akinyang'anywa."

Gathii alitazama huku na huku, akamsogelea.

"Ian aliipata tasnifu yako kwenye dari ya nyumba yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Niliichoma Jumapili. Lakini marejeleo yote ya kazi ya Ian yalikutaja wewe, na nyuma aliambatisha fotokopi ya ukurasa wenye jina lako na muhuri wa maktaba. Leo nilipotoka Kitale nilijua nakuja kuzikwa."

Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante sana, Daktari."