Fisi Aliyelilia Ugaga

Fisi aliacha kucheka. Fizi zake zilivimba na kutoka damu, kinywa kikanuka hata nzi wakamfuata kama mzoga, na meno yakaanza kucheza kila alipouma mfupa. Jirani yake Ngiri, asiyejua kunyamaza, akamwambia, "Dawa ya jino bovu ni kung'oa."

Basi Fisi akajifungia pangoni kwa hofu, akakonda huku mifupa imejaa mlangoni.

Njaa ilipomzidi, alikwenda kwa Nungunungu, mganga wa vinywa. "Mama, ukiyang'oa, niachie japo magego mawili," akamsihi.

"Panua mdomo, baba."

Nungunungu akachomoa mwiba wake mmoja mwembamba, akakwangua meno hadi chini ya fizi. Mara kipande kigumu cha manjano kikadondoka. Kikafuata kingine, na kingine. Fisi akaangua kilio kama aliyefiwa.

"Kulikoni?"

"Meno yangu yameisha, Mama!"

"Hebu yapitishie ulimi."

Fisi akapitisha ulimi. Yote yalikuwepo.

"Huo ni ugaga," akasema Nungunungu. "Uchafu uliganda ukajichimbia chini ya fizi, ndio uliokuwa ukiyalegeza meno. Sasa fizi zitashika. Kila ukila, piga mswaki, na urudi kwangu kabla hujaumwa."

Fisi akavitazama vile vipande. "Kumbe nimeulilia uchafu wangu mwenyewe!"

Akacheka, mdomo wazi, kicheko kirefu kilichomfikia hata Ngiri. Nungunungu alikuwa amesimama mbele yake kabisa, na hakuziba pua.