Pembe za Tunu

Alikuwapo mbuzi jike, jina lake Mabaka, ambaye binti yake aliuawa kwa pembe ya mwenzake. Msiba ulipokwisha, aliwasihi kina mama wote zizini wakubali watoto wao wachomwe vichipukizi vya pembe wangali wachanga, kabla pembe hazijashikana na fuvu. Wakakubali. Kima, fundi wa kazi hiyo, aliwapaka watoto dawa ya ganzi, akawagusa kwa chuma cha moto na kukiondoa upesi. Walilia kidogo, kisha wakanyonya.

Ilipofika zamu ya Tunu, mwanawe Mabaka, mama mtu alisimama mbele yake.

"Huyu ndiye pekee niliyebakiwa naye. Mwache."

"Na wale wa wenzako?" Kima akauliza.

Mabaka akamsukuma Tunu nyuma yake.

Tunu akakua, peke yake mwenye pembe katika rika lake. Asiyempisha horini alichomwa kwa pembe. Siku alipompasua tumbo mtoto wa jirani, yule jirani alimkazia Mabaka macho. Mabaka akamwendea mwanawe.

"Tunu, umeua!"

Tunu aliinamisha kichwa, pembe zikamwelekea mama yake.

"Nipishe, mama. Nina njaa."

Mabaka akampisha.