Kuhusu Mwanao

Kila barua pepe ya kampeni ya uchaguzi, Shekue aliijaribu kwanza kwa vichwa vya habari viwili, kila kimoja kwa watu mia. Siku hiyo "Sera yetu ya maji" ilifunguliwa na tisa. "Kuhusu mwanao" ilifunguliwa na tisini na mmoja.

"We mchawi, kaka!" meneja wake akacheka. "Hiyo ya mwanao, itume mji mzima!"

Shekue alitabasamu, mpaka aliposoma jibu lililorudi kutoka kwa mama mmoja: "Ahsante, baba. Miaka sita namtafuta Mbaraka wangu. Yuko wapi? Nimeshavaa viatu."

Aliandika, "Shikamoo, mama," kisha akafuta.

"Unangoja nini?" Meneja akanyoosha mkono, akabonyeza mwenyewe "Tuma kwa wote".

Majibu yakaanza kumiminika, kila moja na jina la mtoto.