Maua ya Jua

Mjane alipenyeza kidole chini ya maua mafupi aliyoyapanda marehemu mumewe ukutani, jua linapopiga kutwa. Tope tupu. Mzizi ukamkatikia mkononi, laini kama sabuni iliyorowa.

“Yatachanua kila mwaka,” marehemu alikuwa akisema, “mradi msiyadekeze kwa maji.”

Lakini mjane huyapa ndoo moja tu, asubuhi. Tope lote hili limetoka wapi?

Mlango wa uani ukafunguka. Mama mkwe akatoka taratibu, kama anayetembea ndotoni, ndoo imejaa pomoni. Akamwona, akaganda.

“Na wewe, mama?”

“Kila adhuhuri, mwanangu. Nikiyamwagilia, naona kama namnywesha yeye.”

Mjane akaipokea ndoo, akayamwaga maji njiani, akaifudikiza kivulini mwa mlango. Kisha akaisogeza juani, kando ya maua, iwe kiti.

“Kaa, mama. Tuote jua pamoja na maua.”