Hatuna Undugu

"Hatuna undugu," mama alisema.

"Unatetemeka. Rudia," mwanawe alimwambia.

"Hatuna undugu."

Walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kodi, na somo lilikuwa hilohilo tangu Jumatatu. Mama alikuwa anamuuzia nyumba kitinda mimba wake kwa bei ya kutupa, ili siku akifumba macho dada zake wasije wakamtoa. Ila kodi ya ndugu, kijana alimweleza, ni kisu: wakijua ni mama na mwana watakata nusu ya thamani ya nyumba. Watu baki hukatwa kidogo tu. Basi wakakubaliana kuwa watu baki. Kwa mdomo walipatana kwamba chumba cha uani kitabaki cha mama mpaka Mungu atakapomchukua.

"Hayo ya chumba usiyataje humo ndani," mwanawe alisema. "Utatuchongea."

"Nitayatajaje? Kwani mimi mtoto?"

Kazi ngumu ilikuwa ya mama. Kijana angeweza kumwita mama mpaka koo likauke na asishukiwe, maana kila mtu humwita mama mwanamke wa umri ule. Yeye ndiye aliyetakiwa kumwita "bwana" mtu aliyempangusa makamasi. Ilimuuma, lakini akameza.

Afisa alikuwa mwanamke mpole mwenye mafua. Ilibidi amsomee mama kiapo chote, kwa sababu miwani ya mama ilikuwa kwa fundi wiki nzima. Mwanawe ndiye aliyeipeleka, baada ya kuikalia kwa bahati mbaya.

"Mna undugu wowote?"

"Hatuna," mama alisema. "Bwana huyu nimeletewa na dalali." Hilo la dalali alilitunga papo hapo, akajiona hodari. Akatia sahihi pale kidole cha mwanawe kilipoonyesha.

"Na muuzaji anahama lini?"

Swali hilo hawakulifanyia mazoezi.

"Mwisho wa mwezi," kijana alijibu, bila hata kumeza mate.

Mama aliinama kuficha kicheko. Jamani, mtoto huyu ana kipaji! Na kodi aliilipa palepale, yeye ambaye hata nyanya hazinunui bila ugomvi.

Afisa akagonga muhuri mara tatu, akapiga chafya.

"Kulipa kunauma, najua," alimwambia mama akimpa nakala yake. "Angekuwa mwanao, msingelipa hata senti. Mzazi akimuuzia mtoto hakuna kodi, mradi mtoto aandike kwamba mzazi atakaa humo hadi kufa kwake. Tumelibandika pale mlangoni, kwa maandishi makubwa."

Mama akageukia mlangoni. Aliona karatasi nyeupe yenye ukungu, na mbele yake mwanawe amesimama, anatia hati kwenye mfuko wa shati. Kutoka mfuko huohuo akatoa miwani ya mama, vioo vyote viwili vizima.

"Shika, mama," alisema kwa adabu. "Utaihitaji kusoma matangazo ya vyumba vya kupanga."