Kipimo cha Bahari

"Fundi, hivi bahari ikija dukani kwako, utaipima kiuno au urefu?" Jirani aliniuliza hivyo mwaka juzi, maji yalipofika kwenye ngazi yetu yakarudi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Leo asubuhi redio imesema tufani itaingia jioni. Bahari imepata joto, wanasema, ndiyo maana kila mwaka zinakuja kali zaidi, na mtaani kwetu maji yanaweza kufika mita mbili. Jirani keshahama. Binti yangu akaja na gari.

"Mama, twende."

"Nyumba hii marehemu baba yako aliijenga kwa mikono yake. Nitasali humu humu. Mungu hajaniacha."

"Nani kasema amekuacha? Hebu simama hapo ukutani."

Akachukua futi yangu ya kushonea, akaikanyaga ncha kwa kidole gumba cha mguu, akaivuta juu. Ikapita magoti, ikapita kifua, ikapita mdomo, ikaishia kwenye paji la uso wangu: sentimita mia na hamsini.

"Futi imeisha, mama. Maji bado."

Akashika kwa kidole pale ilipoishia, akapima hamsini nyingine. Mkono wake ukagota kwenye fremu ya picha ya baba yake.

Niliutazama mkono ule. Kisha nikaishusha picha, nikaifuta vumbi kwa kanga, nikaivaa futi yangu shingoni, nikatoka kupanda gari.